Kuwalinda watoto kwenye klabu ya kriketi ya ridhaa

Kabla ya kununua bati za kupigia mpira na padi za kukinga miguu, klabu iwe na mtu wa kupokea malalamiko ya watoto. Asiwe kocha mkuu wala ndugu yake, maana mtoto aliyeumizwa na kocha hatakwenda kumshtaki kwa kocha huyohuyo. Jina na namba yake ya simu vibandikwe ubaoni, chini, mtoto wa miaka tisa asome bila kuomba msaada. Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya mwaka 2009, inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 16 anayerusha mpira kwa kasi kwenye timu ya wakubwa bado ni mtoto, na mzazi atie saini kabla hajapangwa.

Anayetaka kufundisha alete hati ya tabia njema ya polisi na wadhamini wawili. Wapigieni simu wadhamini wenyewe, msipokee barua tu: hati inaonyesha kwamba mtu hajatiwa hatiani, haisemi zaidi ya hapo.

Kwenye mazoezi wawepo watu wazima wawili, hata kama wamekuja watoto watatu. Kocha anayerekebisha mshiko aonyeshe kwa bati lake. Akilazimika kumshika mtoto mkono, amwambie kwanza na asubiri akubali. Watoto wabadilishe nguo peke yao, wakubwa wangoje nje, na simu zisiingie humo. Ujumbe wa ratiba upitie kundi lenye wazazi, kamwe usiende kwa mtoto faraghani. Viboko, kupigishwa magoti juani na matusi ni marufuku, na wanaocheza timu ya wakubwa wajue kwamba maneno ya kumchokoza mpiga bati hayamhusu mtoto.

Helmeti inastahili dakika tano. Mpira wa wakubwa una gramu 156 hadi 163. Wa watoto ni mdogo zaidi, na hapo ndipo hatari inapojificha, kwa kuwa unaweza kupenya pale ambapo ule mkubwa ungekwama. Chukua mpira wanaochezea, usukume kwa kidole gumba kati ya kilimi, yaani ukingo wa helmeti uliotokeza juu ya macho, na wavu wa chuma unaokinga uso. Ukipita, helmeti hiyo haimfai mtoto huyo. Kisha funga mkanda wa kidevu na umwambie atikise kichwa, isicheze.

Mtoto akikueleza jambo zito, msikilize bila kushtuka usoni. Usimwahidi siri. Usimuulize "alikushika hapa?" kwani utamwekea maneno mdomoni; muulize "ikawaje?" tu. Andika siku hiyohiyo, kwa maneno yake, weka saa na tarehe. Piga 116, simu ya bure ya watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama amebakwa au kulawitiwa, hospitali kwanza: asiogeshwe, nguo zisifuliwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia VVU huanza ndani ya saa 72, na kila saa ina thamani.

Kinachoharibu kesi nyingi ni kikao cha "tuyamalize wenyewe". Msikiitishe. Msimhoji mtuhumiwa, mtampa muda wa kumtisha mtoto. Asimamishwe, asifundishe mpaka uchunguzi uishe, na wazazi wengine waambiwe tu nani anashika mazoezi. Jina la mtoto lisitajwe kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa kumwombea dua.