Kuhesabu siku za hatari: anzia mwisho wa mzunguko

Wengi tumefundishwa kwamba yai hutoka siku ya 14, na somo likaishia hapo. Hesabu hiyo inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye siku 35, yai lake hutoka karibu na siku ya 21. Mwenye siku 24 hulitoa karibu na siku ya 10, siku chache tu baada ya damu kukatika. Hapo ndipo mimba huingia katika siku ambazo mwenyewe aliziita salama.

Sababu iko kwenye ovari. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kama milioni 1 hadi 2. Akibalehe yamebaki 300,000 hadi 400,000, na yatakayopevuka na kutoka maishani mwake ni kama 400 tu. Kila mzunguko vifuko kadhaa vya mayai huanza kukua, kisha kimoja kikavitangulia vingine. Muda wa kukua huko haufanani: homa kali, msongo wa mawazo au kukonda ghafla kunaweza kuuchelewesha. Yai likishatoka, kifuko hugeuka tezi ndogo ya manjano inayotoa homoni ya projesteroni, na kwa wengi tezi hiyo huishi siku 12 hadi 14. Ikinyauka, ukuta wa ndani wa mji wa mimba humomonyoka, damu ikatoka. Kwa hiyo hedhi ikichelewa na huna mimba, mara nyingi kilichochelewa ni yai.

Chukua daftari. Siku ya 1 ni ile damu inapoanza kutoka hasa. Matone ya kahawia ya siku iliyotangulia usiyahesabu. Mzunguko unaishia siku moja kabla ya damu inayofuata. Kosa linalorudiwa sana ni kuanza kuhesabu damu inapokatika, na hilo peke yake linasogeza hesabu yote kwa siku 4 au 5.

Andika mizunguko isiyopungua 6. Kisha toa 18 kwenye mfupi kuliko yote, na 11 kwenye mrefu kuliko yote. Tuseme umepata 27, 29, 26, 31, 28 na 30: 26 kutoa 18 ni 8, na 31 kutoa 11 ni 20. Siku zako za hatari ni kuanzia ya 8 hadi ya 20. Zinaonekana nyingi kwa yai linaloishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za kiume zinaweza kukaa hai hadi siku 5 zikilingoja kwenye mirija ya uzazi, na wewe hujui mwezi huu litatoka lini. Mfupi na mrefu zikipishana kwa zaidi ya siku 9, kalenda peke yake haitakufaa.

Ongeza dalili za mwili. Ute wa ukeni ndio dalili bora, kwa sababu huja kabla ya yai. Baada ya hedhi huwa mkavu au mzito. Yai likikaribia, shingo ya kizazi hutoa ute mwepesi, unaoteleza, unaovutika kati ya vidole viwili kama ute wa yai bichi. Uangalie kila unapokwenda chooni, kabla ya kujisafisha. Usijioshe ndani ya uke: utapoteza dalili na kukaribisha maambukizi. Ute wenye harufu mbaya, unaowasha, au mweupe wa mabonge kama maziwa ya mgando ni wa kupeleka kituo cha afya.

Joto la mwili linathibitisha baadaye kwamba yai limeshatoka. Lipime asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, saa ileile, kwa kipimajoto chenye desimali mbili. Likipanda nyuzi 0.2 hadi 0.5 na kukaa juu siku 3 mfululizo, yai limepita. Homa, pombe ya usiku na zamu za usiku huharibu vipimo.

Kama unatafuta mtoto, kutaneni kila siku au kila baada ya siku moja tangu ute uanze kuvutika. Kama unakwepa mimba, usitegemee hesabu hii ukiwa unanyonyesha, umetumia P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba) mwezi huo, au ndiyo kwanza umeacha sindano ya uzazi wa mpango. Anayenyonyesha anaweza kupevusha yai kabla hajaona hedhi hata moja. Na kumbuka, kalenda haizuii VVU.

Nenda hospitali ukilowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa, damu ikipita siku 8, au hedhi ikipotea miezi 3 bila mimba wala kunyonyesha. Binti aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo naye apelekwe. Ubebe daftari lako, kwa kuwa swali la kwanza utakaloulizwa ni tarehe ya hedhi yako ya mwisho.