Kabla hujapanga mechi za besiboli za Aprili: baridi, mvua na viporo

Ratiba ya besiboli ya watoto katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani hupangwa Januari au Februari, wakati uwanja wenyewe bado umelala chini ya theluji. Mechi huanza Aprili, mwezi ambao Minnesota, Ohio au Maine inaweza kukupa jua Jumatatu na theluji Alhamisi. Wazazi kadhaa wenzetu waliohamia huko wamejikuta wakiombwa kusaidia ligi za mtaani, na kazi ya ratiba ndiyo inayobaki mezani, kwa kuwa aliyeifanya mwaka jana hataki hata kuisikia. Ukiipokea, jua kwanza kwamba swali la "ikinyesha tutafanyaje?" hujibiwa siku ya kupanga, si siku ya mvua. Wengi hudhani kinachowaishia ni siku za kufidia. Siku huwa hazikosekani. Kinachoisha ni mikono ya watupaji, yaani wale wanaomrushia mpigaji mpira.

Kwa hiyo usianze na mechi, anza na siku tupu. Weka kalenda mbele yako, toa Pasaka, toa likizo fupi ya shule, kisha funga angalau siku moja kila wiki ya Aprili ambayo hakuna timu itakayoigusa. Utalaumiwa kwamba unapoteza uwanja. Vumilia. Hata MLB, ligi kuu ya kulipwa ya besiboli, yenye mechi 162 kwa kila timu na ndege za kukodi, huacha mara nyingi siku ya mapumziko baada ya mechi ya kwanza ya nyumbani katika miji ya baridi, ili ikiharibika ichezwe kesho yake. Tena mkataba wao na wachezaji hauruhusu timu kucheza zaidi ya siku 20 mfululizo bila kupumzika, hivyo viporo haviwezi kurundikwa tu popote palipo na nafasi.

Aprili 2007 Cleveland, timu ya MLB ya Ohio, walionja hali hiyo. Tarehe 6, mechi yao ya kwanza nyumbani dhidi ya Seattle, theluji ilianguka, ikasimama, ikaanguka tena. Cleveland walikuwa mbele 4-0, na mtupaji wao Paul Byrd alikuwa hajaruhusu hata pigo moja safi. Mechi ya ligi kuu huhesabika halali baada ya iningi tano (iningi ni zamu mbili za kupiga, moja kwa kila timu), au nne na nusu kama wenyeji wanaongoza. Ikabaki straiki moja tu (mtupo mzuri ambao mpigaji ameukosa au kuuacha) ifike hapo. Kocha wa Seattle, Mike Hargrove, akatoka kulalamika kwamba mpigaji wake haoni mpira kwa theluji, na mechi ikasimamishwa. Ikafutwa yote. Mechi zote nne za Seattle wikendi ile zikaharibika, na mfululizo uliofuata, dhidi ya timu ya Angels, ukahamishiwa Milwaukee kwa sababu huko uwanja una paa. Seattle walilazimika kurudi Cleveland katika siku zao za mapumziko, na kiporo kimoja kikaja kuchezwa Seattle mwezi Septemba huku Cleveland wakihesabiwa wenyeji.

Shida kubwa pale ilikuwa kwamba mgeni alitoka mbali na hakuwa na safari nyingine ya kurudi. Ndiyo maana Aprili panga wapinzani wa jirani na wale mtakaokutana nao tena Mei au Juni. Kiporo chao kinaweza kuunganishwa na mechi iliyopo. Timu ya mji wa saa mbili kwa gari isubiri joto. Jambo hili limekuwa gumu zaidi hata kwa wakubwa tangu 2023, timu zote 30 zilipoanza kukutana kila msimu na mechi dhidi ya kila mpinzani wa kundi moja zikapunguzwa kutoka 19 hadi 13.

Sasa mikono. Little League, ambayo kanuni zake hufuatwa na ligi nyingi za mitaani, ina ukomo wa mitupo kwa siku: miaka 7 na 8 mitupo 50, miaka 9 na 10 mitupo 75, miaka 11 na 12 mitupo 85. Baada ya hapo kuna mapumziko ya lazima. Kwa wenye miaka 14 kushuka chini, mitupo 21 hadi 35 ni siku moja, 36 hadi 50 siku mbili, 51 hadi 65 siku tatu, na 66 kwenda juu siku nne. Chukua mtoto wa miaka 12 aliyetupa mitupo 70 Jumatatu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa hatupi, anarudi Jumamosi. Sasa mratibu mwenye haraka anapachika kiporo Jumatano na kingine Alhamisi, kwa sababu uwanja uko wazi. Timu yenye watoto wanne wanaojua kutupa inafika Alhamisi haina mtu, na kocha anamtoa mtoto anayelinda besi ya kwanza (besi ni kituo cha mkimbiaji) akajaribu bahati. Kuna kizuizi kingine: aliyedaka nyuma ya mpigaji kwa iningi nne au zaidi haruhusiwi kutupa siku hiyo, kwa hiyo mechi mbili kwa siku moja zinazoonekana ni dawa ya viporo huleta ugonjwa wake. Mimi kwa maoni yangu nisingezidisha mechi tatu kwa wiki kwa timu yoyote ya watoto, hata viporo vikijaa. Afadhali ligi imalize na mechi pungufu.

Kabla ya msimu kuanza, andikeni mechi ya watoto huhesabika lini. Mechi ya Little League ni ya iningi sita na huwa halali baada ya nne, au tatu na nusu wenyeji wakiongoza. Iliyokatizwa kabla ya hapo huendelezwa ilipoishia, maadamu iningi ya kwanza imekamilika. MLB nao tangu 2020 hawafuti tena mechi kama ile ya Byrd. Inasimama na kuendelea siku nyingine. Kwako hii ina maana kwamba kitabu cha hesabu ya mechi kisiachwe kwenye gari la mtu. Mwandishi wa hesabu hiyo apige picha ukurasa palepale: nani alikuwa anapiga, straiki ngapi, nani kwenye besi ipi, mtupaji amefikisha mitupo mingapi.

Uwanja nao unataka macho ya mtu, si utabiri wa kwenye simu. Mvua inaweza kukatika saa 6 mchana na mechi ya saa 11:30 jioni bado isichezeke. Nenda ukanyage udongo kati ya besi ya kwanza na ya pili. Kiatu kikiacha alama nyepesi, inawezekana. Maji yakichuruzika kuzunguka soli, rudi nyumbani. Dimbwi likiwepo, livute kwa sponji au pampu ndogo. Usilifagie kwa ufagio, maana utaondoka na tope pamoja na maji, na mvua ijayo shimo litakuwa kubwa zaidi. Baada ya hapo mwaga udongo uliookwa, ule wa punje unaouzwa kwa magunia kwa kazi hii hasa, uache unywe unyevu, halafu sawazisha kwa reki. Kama ligi ina hela ya kununua turubai, nunueni dogo la kufunika kichuguu cha mtupaji (kilima kidogo anachosimama) na lingine la eneo la mpigaji. Turubai la uwanja mzima wa ndani, kama la ligi kuu lenye takriban futi 170 kila upande, linataka kikosi cha watu.

Paa nalo lisikudanganye: Aprili 2018 barafu ilidondoka kutoka mnara wa CN mjini Toronto, ikatoboa paa la uwanja wa Blue Jays, timu ya MLB ya huko, na mechi ikaahirishwa.

Baridi kavu inasumbua kuliko mvua, kwa sababu kila mtu ana kipimo chake. Mzazi kutoka Mombasa atakwambia nyuzi 50 za Fahrenheit ni hatari, na kocha mzaliwa wa Duluth atakuja na kaptula. MLB wameshacheza katika nyuzi 23, kama 5 chini ya sifuri kwa Selsiasi, huko Denver tarehe 23 Aprili 2013. Wale ni watu wazima wanaolipwa. Kwa watoto wekeni namba na muiandike; mimi ningesema chini ya nyuzi 40 (kama 4 za Selsiasi), upepo ukihesabiwa, walio chini ya miaka 10 hawachezi. Vidole vikifa ganzi mtupaji hashiki mpira vizuri na unaweza kuishia mbavuni mwa mtoto mwenzake. Kanuni za besiboli zinamruhusu mwamuzi, makocha wote wawili wakikubali kabla ya mechi ya baridi, amwache mtupaji apulizie mkono. Kumbusheni hilo mwanzoni. Na fimbo za kompositi (za nyuzi za kaboni na gundi, si za mbao wala alumini) zibaki kwenye mkoba. Watengenezaji wengi huonya zisitumike chini ya nyuzi 60 au 65, maana hupasuka.

Mwanga haukupi shida sana. Katikati ya Aprili jua la Minneapolis huzama karibu saa 2 usiku, na mechi ya saa 11:30 jioni inatosha. Ila joto hushuka kabla ya jua kuzama, kwa hiyo wadogo wapangiwe Jumamosi mchana.

Uamuzi wa kuahirisha uwe na saa moja na mtu mmoja. Siku za kazi, saa 9:30 alasiri ni wakati mzuri: shule zinatoka, na mzazi anayeingia zamu ya jioni ghalani bado ana nafasi ya kumpata wa kumbebea mtoto. Ujumbe mmoja, kwenye kundi moja la WhatsApp, kwa Kiingereza na Kiswahili, wenye neno "imeahirishwa" au "ipo" mwanzoni kabisa. Mechi ikishaanza, mamlaka ni ya mwamuzi. Radi ikisikika, kila mtu anaingia ndani au kwenye gari, na hakuna anayerudi uwanjani mpaka dakika 30 zipite tangu mngurumo wa mwisho. Banda la wachezaji lililo wazi mbele halihesabiki kuwa ndani.

Mwisho, malizana na waamuzi mapema: wakifika uwanjani na mechi ikaahirishwa, wanalipwa nusu au hawalipwi? Na wekeni tarehe ya kufunga viporo, tuseme wiki moja kabla ya mtoano, ambapo kisichochezwa kinafutwa na msimamo unapangwa kwa asilimia ya ushindi badala ya idadi ya mechi zilizoshindwa.