Somo: Kusimamia maktaba za PHP kwa Composer bila kuvunja mfumo ulio hewani

Wakuu, salaam. Somo hili ni la wanaoandika PHP na bado wanapakua maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) kwa zip, wanazibandika kwenye folda, na baada ya muda hakuna anayejua ni toleo gani liko pale. Nils Adermann na Jordi Boggiano walitoa Composer, programu ya kuleta na kusimamia maktaba hizo, mwaka 2012, na tangu hapo kazi hiyo ya mkono haina sababu. Unataja maktaba unayoitaka, yenyewe inaleta na zile zinazotegemewa na hiyo uliyoitaja.

Hatua ya 1. Sakinisha kutoka getcomposer.org, kisha hakiki kwenye terminali:

`composer --version`

Ukiona bado ni toleo la 1, endesha `composer self-update --2`. Toleo la 2 lina kasi zaidi na linatumia memori kidogo.

Hatua ya 2. Ingia kwenye folda ya mradi. Tuchukue Monolog, maktaba ya kuandika logi:

`composer require monolog/monolog`

Utapata faili mbili, `composer.json` na `composer.lock`, pamoja na folda ya `vendor`. Ndani ya `vendor` utaikuta pia `psr/log`. Hukuiomba, ila Monolog haiendi bila hiyo.

Hatua ya 3. Juu kabisa ya faili lako la PHP weka mstari huu, ndio unaofanya maktaba zilizo kwenye `vendor` zipatikane:

`require __DIR__ . '/vendor/autoload.php';`

Hatua ya 4. Hapa tutulie, maana ndipo mifumo mingi inapovunjikia.

`composer.json` inasema unakubali nini. Ukiandika `^3.2`, umekubali kuanzia 3.2 hadi chini kidogo ya 4.0. `composer.lock` inasema ulipata nini hasa: toleo kamili la kila pakeji (maktaba iliyoletwa na Composer), hata zile usizozitaja.

`composer install` inasoma lock na kuleta matoleo yale yale. `composer update` inatafuta matoleo mapya yanayoruhusiwa na json, kisha inaiandika lock upya. Ukiendesha `update` kwenye seva ya mteja, umempelekea msimbo ambao hakuna mtu aliyeujaribu. Tafadhali msifanye hivyo. Fanyeni `update` kwenye kompyuta yenu, tena pakeji moja moja (`composer update monolog/monolog`), jaribuni mfumo, ndipo lock mpya iende Git (mfumo wa kutunza historia ya msimbo).

Hatua ya 5. `composer.lock` iingie Git, `vendor` ikae kwenye `.gitignore` (orodha ya vitu ambavyo Git isivihifadhi). Kwenye seva endesha hii, inaziacha pakeji za kutumia wakati wa kutengeneza mfumo tu:

`composer install --no-dev`

Na mara kwa mara endesheni `composer audit`, inawaonyesha pakeji zenye udhaifu wa kiusalama unaojulikana.

MASWALI

Mkuu, kwangu inakubali, kwenye seva inakataa kwamba PHP ni ya zamani. Nifanyeje?
Kompyuta yako ina PHP mpya, kwa hiyo Composer ilichagua pakeji za PHP mpya. Monolog 3, kwa mfano, inataka PHP 8.1 kwenda juu. Kama seva ni 7.4, andika `composer config platform.php 7.4.33` ili Composer ichague kana kwamba kompyuta yako ina PHP hiyo, badili sharti la Monolog kuwa `^2.0`, kisha fanya `update` kwako. Ila PHP 7.4 ilishaacha kupata marekebisho ya usalama tangu 2022, mshauri mteja ahame.

Kuna pakeji kwenye vendor siijui. Naweza kuifuta tu?
Usiifute kwa mkono. Uliza `composer why jina/pakeji`, itakutajia anayeihitaji. Kama uliileta mwenyewe na huitumii tena, `composer remove`.

Tuko wawili kwenye mradi, lock imegongana kwenye Git.
Msiihariri kwa mkono. Unganisheni kwanza `composer.json`, chukueni lock ya tawi kuu, kisha endesheni `composer update` kwa pakeji zile tu zilizoongezwa kwenye tawi lako.

Natumia bando la simu. Kila mradi unanimalizia MB?
Hapana. Pakeji ikishashushwa inabaki kwenye kache ya Composer (hifadhi yake kwenye kompyuta yako), na mradi mwingine wenye toleo lile lile utaichukua humo. Ndiyo maana usizoee kuendesha `composer clear-cache`. Ukitaka kuhakikisha haigusi mtandao, tanguliza `COMPOSER_DISABLE_NETWORK=1` mbele ya `composer install` kwenye Linux au Mac. Ikikosa pakeji kwenye kache itakwama, basi washa data kwa hiyo moja.