Imani kwenye mizani, kwenye ujira na kwa jirani

Anza na mizani, maana hapo wengi huteleza bila hata kujua. Ukiuza Kongowea, Marikiti au kwenye kibanda cha mtaani, kila asubuhi angalia kama mshale umekaa kwenye sifuri sahani ikiwa tupu. Kisha weka pakiti ya unga ya kilo 2 ambayo haijafunguliwa. Mshale ukipita mbili waziwazi, kila mteja wa siku hiyo ataondoka na pungufu, hata kama hukukusudia. Mizani ya springi huharibiwa na kutu ya hewa ya bahari, na kwa kutundikwa mzigo uliozidi uwezo wake. Ipeleke kwa fundi, kisha ikakaguliwe na kupigwa muhuri upya.

Anayepima kwa gorogoro autazame mkebe kitako: ukibonyea kwa ndani, unabeba nafaka kidogo. Walawi 19:36 inadai efa ya haki, kipimo cha nafaka, na hini ya haki, kipimo cha vitu vya majimaji, kwa hiyo hata mafuta ya kupikia ya kupima yamo.

Ujira nao. Kabla dada wa kufua hajalowesha nguo, taja bei na utaje kama mablanketi yamo. Ugomvi mwingi huanzia kwenye blanketi lililoongezwa saa kumi. Akimaliza, mlipe palepale. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Kumwambia "njoo Jumatatu" ni kumtia gharama: akitoka Likoni, feri kwa miguu ni bure, lakini matatu si bure. Kama pesa huna, usimwite. Tenga ujira wake kabla ya sadaka, si baada. Sadaka iliyotoka kwenye jasho la mtu ambaye hajalipwa ina walakini.

Pesa ikiingia kwa M-Pesa kimakosa, usiitumie, lakini pia usikimbilie kuirudisha. Angalia salio kwanza, maana matapeli hutuma ujumbe wa kughushi kisha wanalia kwenye simu. Kama imeingia kweli, mwambie aliyetuma apeleke ujumbe wake wa muamala kwa namba 456 ya Safaricom, nawe uiache bila kuigusa hadi irudishwe.

"Nitakuja, Mungu akipenda" isiwe njia ya kusema siji. Kama huji, sema huji (Mathayo 5:37).

Kwa majirani Waislamu, ukialikwa futari, nenda. Kukataa ndiko kunakoumiza. Spika ya mkesha ielekezwe ndani, si dirishani kwao. Na ukitaka kuwapelekea sahani ya pilau siku ya Krismasi, nyama inunuliwe kwenye bucha ya halali, isipikwe kwenye sufuria iliyowahi kupikiwa nguruwe. Kama huna hakika na sufuria, peleka maembe.