Umeokota mbwa, mwenyewe kajitokeza, na moyo wako unasita: la kufanya hatua kwa hatua

Kumtoa mbwa barabarani ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe huanza mwenye mbwa anapopiga simu na kusema "huyo ni wangu", nawe umeshazihesabu mbavu zake moja moja. Hofu unayoipata hapo ni ya haki, wala usiidharau. Ila katika kazi ya kuokoa mbwa nimezoea kuuliza kwanza: nimeona nini, na ninadhani nini? Mbwa aliyepotea wiki tatu na mbwa aliyenyimwa chakula nyumbani hukonda sawasawa. Mmoja ana watu wanaomtafuta usiku na mchana, na mwingine ana mtu ambaye hapaswi kumgusa tena. Hatua hizi ni za kukusaidia kuwatofautisha kabla hujatoa hukumu.

Hatua ya 1: Mkamate bila kumfukuza

Usimkimbilie wala usimwite kwa sauti kubwa. Mbwa mwenye hofu akifukuzwa hukimbilia popote, na mara nyingi popote ni katikati ya magari. Chutama ukiwa umempa ubavu, macho yako yatazame kando, kisha mrushie vipande vya chakula chenye harufu kali, kila kimoja karibu nawe kidogo kuliko kilichotangulia. Akifika, mguse kifuani au kando ya shingo. Mkono unaopita juu ya kichwa chake huuona kama pigo linalokuja. Akikakamaa, akifumba mdomo ghafla, au weupe wa jicho ukionekana pembeni, acha. Akinguruma amekuonya, basi rudi nyuma na usimkaripie. Tumia kamba ya kitanzi kinachojikaza, kwa sababu mbwa akirudi kinyumenyume huchomoka kwa urahisi kwenye kola iliyolegea.

Kama hakubali kabisa, mpe chakula mahali pale pale, saa ile ile kila siku, na utafute watu wenye mtego wa kisanduku.

Kabla hujaondoka, tazama tumbo lake. Jike mwenye chuchu zilizojaa na kuning'inia huenda ana watoto mahali fulani karibu, na watoto hao hawatamaliza siku nyingi bila yeye.

Akikuuma, au mate yake yakiingia kwenye kidonda chako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila mara, lakini chanjo ikiwahi hukizuia. Mbwa aliyeuma huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Katika siku hizo usimkabidhi kwa mtu yeyote, hata mwenyewe, bila daktari wa mifugo kujua. Na ukikuta mbwa anatokwa na udenda mwingi, taya limelegea, anashindwa kumeza au anauma vitu hovyo, usimguse kabisa. Iite mamlaka inayohusika na wanyama.

Hatua ya 2: Mtenge, umlishe kidogo kidogo

Mweke mbali na mbwa wako wengine kwa takriban wiki mbili, na vyombo vyake viwe vyake peke yake. Virusi vya parvo huweza kuishi kwenye sakafu na udongo kwa miezi mingi, na huua watoto wa mbwa haraka.

Huruma ya watu wengi huishia kwenye sahani kubwa, na hapo ndipo mbwa aliyedhoofika kwa njaa anapoweza kufia mikononi mwao. Mwili uliozoea kukosa ukipewa chakula kingi kwa ghafla, hasa cha wanga, madini ya fosforasi na potasiamu hukimbilia ndani ya seli na kupungua kwenye damu, na moyo huweza kushindwa kazi. Mpe sehemu ndogo mara nne hadi sita kwa siku, na ukiongeza uongeze polepole kwa siku kadhaa. Maji yawepo wakati wote. Mbwa aliyekonda sana aonwe na daktari kabla hujaanza kupanga lishe yake.

Inua mdomo utazame fizi. Ziwe za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe kwa mbwa aliyejaa kupe ni dharura ya leo. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Dawa zako za maumivu zibaki kwenye kabati lako: ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa, na parasetamoli huweza kuharibu ini lake.

Hatua ya 3: Usome mwili kabla hujauosha

Najua unatamani kumwogesha. Subiri. Ukishamsafisha, umefuta nusu ya ushahidi, uwe wa kumtetea mwenye mbwa au wa kumshtaki.

Piga picha zenye tarehe: ubavu wa kulia, wa kushoto, kutoka juu, meno, masikio, shingo chini ya kola, kila wayo na kila kucha. Mpime uzito. Madaktari wengi wa mifugo hutumia kipimo cha unene cha 1 hadi 9, ambapo 4 na 5 ndiyo hali nzuri. Mwombe daktari aiandike namba hiyo.

Anza na miguu, maana ndiyo inayosema mengi. Kuna mbwa niliyempokea akiwa mifupa mitupu, na kila aliyemwona alimlaani mwenyewe kabla hajajulikana ni nani. Nilipogeuza nyayo zake, ngozi ilikuwa imelika hadi nyama nyekundu, na kucha zimesagika zikawa butu. Shingoni manyoya yalikuwa yamelala kwa mstari mpana wa kola iliyovaliwa muda mrefu, bila mchubuko hata mmoja. Meno safi. Kovu la kuhasiwa lilishonwa vizuri. Mwili ule ulikuwa umetunzwa na mtu, kisha ukatembea mno.

Kinyume chake ni mbwa aliyekonda ambaye kucha zake zimekua hadi kujikunja na nyayo zake ni laini. Huyo hajatembea. Kukonda kwake kulianzia huko alikokuwa amefungiwa. Akiwa na rangi ya manjano iliyoganda kwenye manyoya ya miguu, na ngozi ya tumbo imebabuka, huenda alikuwa akilala kwenye mkojo wake mwenyewe.

Kola iliyozama kwenye nyama haina mjadala mrefu. Alivishwa akiwa mdogo, akakua, kola ikabaki vile vile, na ngozi ikaota juu yake. Hilo haliji kwa siku chache za kupotea, na harufu yake utaisikia kabla hujaona kitu. Usiivute mwenyewe, inatolewa na daktari, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa.

Sasa upande wa pili, ambao waokoaji wengi hawaupi nafasi. Maradhi ya figo, kisukari, minyoo, meno mabovu na uzee vyote humkondesha mbwa anayelishwa vizuri. Ukurutu unaotokana na wadudu wa ngozi humwacha mtupu bila manyoya kwa muda mfupi, na aina yake mojawapo huambukiza watu, kwa hiyo vaa glavu. Na mbwa anayejikunyata ukiinua ufagio huenda hajawahi kupigwa hata mara moja. Mtoto wa mbwa asiyezoeshwa watu na vitu kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi hukua akiogopa kila kigeni. Ndiyo maana uchunguzi wa daktari, na vipimo vya damu ikiwezekana, vina uzito kuliko uchungu wangu au wako.

Hatua ya 4: Mtafute mwenyewe kwa dhati

Hata kama umeshamchukia. Katika nchi nyingi sheria humhesabu mbwa kuwa mali, na aliyemficha huweza kugeuka mshtakiwa. Tena malalamiko yako dhidi ya mtu mkatili yatakosa nguvu ikionekana kwamba wewe mwenyewe ulimkalia kimya.

Mpeleke akaguliwe chipu, kile kidude kidogo cha utambulisho. Huwekwa chini ya ngozi katikati ya mabega, na kwa kawaida hubeba namba yenye tarakimu 15. Huweza kuhama ikashuka begani au kwenye mguu wa mbele, basi omba kifaa kipitishwe polepole mwili mzima. Chipu haionyeshi mahali mbwa alipo, na haina jina la mtu ndani yake. Namba ndiyo inayotafutwa kwenye daftari la usajili.

Toa taarifa kwa mamlaka inayohusika na wanyama, na kwa madaktari wa mifugo walio karibu. Uliza pia sheria inataka mbwa aliyeokotwa ashikiliwe siku ngapi. Katika tangazo weka picha, mahali na tarehe, lakini alama moja ibaki siri yako: kovu, doa chini ya tumbo, jino lililovunjika.

Hatua ya 5: Hakikisha ni wake

Omba picha za zamani, kadi ya chanjo, usajili wa chipu, na ile alama uliyoificha. Furaha ya mbwa akimwona mtu ni ushahidi mwepesi. Wapo wanaomfurahia kila mgeni, wapo wanaomlamba hata anayewapiga, na wapo waliotishika kiasi kwamba hawamtambui mwenyewe mpaka wamnuse.

Hatua ya 6: Zungumza naye kama mtu aliyepotelewa

Hapa ndipo mambo mengi huharibika. Ukianza kwa shutuma, anajifunga na hutajua chochote. Anza hivi: "Pole sana, ndugu yangu. Yuko salama, anakula. Hebu niambie alipoteaje." Kisha nyamaza, umwache aseme.

Uliza alipotea lini, na ulinganishe na hali ya mwili. Uliza huwa anakula nini na saa ngapi, analala wapi, aliwahi kuugua nini, ni nani aliyemtibu. Uliza alimtafuta wapi. Mtu anayesema "ana jipu linalomrudia sikio la kushoto" anamjua mbwa wake. Mtu asiyejua hata mbwa wake hula nini hunitia wasiwasi kuliko yule anayekiri kwamba siku hizi hana cha kumpa.

Jambo hili la mwisho naomba ulishike. Umaskini na ukatili huacha alama zinazofanana kwenye mbavu, lakini dawa zake ni mbali kabisa. Wa kwanza anahitaji chakula cha mbwa, chanjo na mtu wa kumsaidia kuziba tundu la uzio. Ukimnyang'anya mbwa wake umeongeza huzuni juu ya shida, wakati gunia la chakula lingetosha.

Omba umpeleke mbwa mwenyewe hadi nyumbani. Ukifika tazama kivuli, maji, urefu wa mnyororo, na wanyama wengine waliopo. Dakika chache pale zitakueleza mengi kuliko simu ya saa nzima.

Hatua ya 7: Amua

Mimi hupima kwa zile haki 5 za mnyama ambazo mizizi yake ni taarifa ya kamati ya Brambell ya Uingereza ya mwaka 1965. Iliandikwa kwa ajili ya mifugo, lakini mbwa naye humfaa: asipate njaa wala kiu, awe na makazi ya kumsitiri, atibiwe maumivu na maradhi, aishi kwa desturi za kimbwa, asiishi kwa hofu.

Zikitimia, mrudishe siku hiyo hiyo, hata kama umeshamzoea. Zikipungua lakini mwenyewe yuko tayari, mrudishe kwa makubaliano ya maandishi: chanjo, kuhasiwa, kivuli, maji ya kufikika, uzio utengenezwe kabla ya tarehe fulani. Jitolee kubeba sehemu ya mzigo huo, maana masharti peke yake hayamlishi mbwa.

Ukihisi mtu amechoka na mbwa, muulize kwa upole: "Ungependa nikusaidie kumtafutia makazi mengine?" Wengi hushusha pumzi na kukubali, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwapa njia hiyo bila aibu. Andikeni hati yenye jina lake, sahihi, tarehe na maelezo ya mbwa, na usajili wa chipu ubadilishwe.

Ukiona dalili za ukatili, kama kola iliyozama, majeraha ya kukusudiwa, mifupa iliyovunjika kwa nyakati tofauti kwenye picha ya eksirei, usimkabili mwenye mbwa. Akijua, wanyama waliobaki kwake huweza kuhamishwa kabla hawajakaguliwa. Peleka picha na ripoti ya daktari kwa mamlaka ya ustawi wa wanyama au polisi, na uwaombe waamue mbwa akae wapi uchunguzi ukiendelea. Andika ulichokiona tu. "Kola imezama upande wa kulia wa shingo, kidonda kina usaha, mbavu zinaonekana hata ukisimama mbali" ni ushahidi. "Mwenyewe ni katili" ni maoni, na wakili yeyote atayapangua. Usimtangaze mtu huyo kwa jina hadharani, hata damu ikikuchemka.

Hatua ya 8: Rudi kumwona

Mwombe ruhusa siku ile ile unayomkabidhi mbwa, ili ziara isionekane ya upelelezi. Pita baada ya wiki, kisha baada ya mwezi, na mzani wako. Chukua picha kwa pembe zile zile za mwanzo. Ukimkuta amekonda tena na chakula kipo, mrudishe kwa daktari kwanza. Ukimkuta juani kwenye mnyororo ule ule, makubaliano yamewekwa kando na mlango unafungwa usoni mwako, unganisha picha mpya na zile za siku uliyomwokota, uzipeleke kwa mamlaka pamoja na nakala ya hati aliyoitia sahihi.