Kuchagua risasi za raifo ndogo kwa nsya na swala: pima mtutu kabla hujalipa

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kutoka Sikonge na karatasi ya shabaha kaikunja ndani ya shati. Matundu matano, hata mawili hayakukaribiana, na matatu hayakuwa duara: yalikuwa marefu, kama tundu la kufuli. "Mjomba, darubini imekufa," akasema. Darubini ilikuwa nzima. Nikamwambia alete boksi la risasi, maana karatasi ile naijua. Miaka ya nyuma nilipoteza siku nzima na nusu boksi nikikaza na kulegeza skrubu za darubini kwa kosa hilohilo.

Haya ni kwa mwenye leseni ya bunduki na leseni ya kuwinda mnyama husika. Na kwa wenzangu wa Tabora: Ugalla ni Hifadhi ya Taifa tangu 2019. Njia mliyopitia na baba zenu siyo njia tena.

Hatua ya 1. Mnyama kwanza, bunduki baadaye

Nsya ni mnyama wa kilo 12 hadi 20 hivi. Dume la pongo au swala pala linaweza kuvuka kilo 50. Kwa hawa wawili mimi natumia risasi ya saizi ya .243 yenye kichwa (kile kipande kinachoruka kwenda kwa mnyama) cha greni 100, basi; greni ni kipimo cha uzito wa kichwa. Sitaki ubishi. Kwa nsya .223 inatosha, ndani ya mita 100. Kwenye miombo yetu, majani yakiwepo, mita 80 zenyewe huzioni, kwa hiyo habari za risasi inayofika mbali waachie watu wa jangwani.

Wanaosema .223 ni ya kuchezea wajue kwamba Uskochi sheria inaruhusu kumpiga paa wao mdogo, roe, kwa kichwa cha kuanzia greni 50, mradi kitoke kwa kasi ya futi 2,450 kwa sekunde na nguvu ya futi-pauni 1,000. Roe ana kilo 20 hadi 30. Kwa paa wakubwa wanadai nguvu zaidi, na ndiyo maana nami pongo simpigi kwa .223. Hapa kwetu kipenyo kinachoruhusiwa kwa mnyama wa leseni yako kiulize ofisi ya wanyamapori kabla ya kununua chochote.

Na .22 ile ndogo ya kupigia kanga? Isahau. Swala ataondoka nayo, akafie usikojua.

Hatua ya 2. Maandishi ya mtutu na ya ganda

Yafanane neno kwa neno. Hakuna "inaingia tu".

Hatua ya 3. Ncha

Chukua ncha laini, ile inayoonyesha madini ya risasi, ya kijivu, mbele ya koti la shaba. Ikimwingia mnyama inafunguka kama uyoga. Iliyofunikwa shaba yote hutoboa kitundu chembamba na kutokea upande wa pili, na wewe unabaki kufuata matone ya damu mpaka jua linazama. Zile nyepesi sana zenye tundu nchani zimetengenezwa kwa wanyama wadogo kama mbweha. Kwa swala hupasuka kwenye bega kabla ya kufika moyoni.

Hatua ya 4. Pima msokoto wa mtutu

Hapa ndipo mpwa wangu alipoangukia. Muuzaji alimwambia "nzito ndiyo inaua", akampa .223 zenye kichwa cha greni 75. Mitaro ndani ya mtutu imesokotwa ili izungushe kichwa kama pia. Kichwa kirefu kinahitaji kuzungushwa haraka zaidi, la sivyo kinayumba hewani na kufika kwenye karatasi ubavu ubavu. Hayo ndiyo matundu marefu.

Bunduki nyingi za zamani za .223 hukamilisha mzunguko mmoja kwa inchi 12, mpya nyingi kwa inchi 9 au 8. Kama mtutu haujaandikwa, pima hivi. Toa risasi zote, chomoa bolti (kifungio cha nyuma ya mtutu), chungulia mtutu mpaka uone mwanga. Chukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake unauacha ufito uzunguke wenyewe. Wa mpini uliogandishwa haufai, utakudanganya. Funga kitambaa kinachobana kwelikweli. Ingiza kwa nyuma mpaka kitambaa kishikwe na mitaro, kisha bandika kipande cha plasta kwenye ufito kikielekea juu kama bendera. Weka alama ya kalamu pale ufito unapoingilia bunduki. Sukuma polepole, bila kuusaidia kuzunguka, mpaka bendera irudi juu. Weka alama ya pili. Umbali kati ya alama ndio msokoto: sentimita 30 na nusu ni inchi 12, sentimita 23 ni inchi 9.

Rudia mara tatu. Kitambaa kikiteleza, namba huwa kubwa kuliko ukweli, haiwi ndogo. Majibu yakitofautiana badilisha kitambaa uanze upya. Mtutu mfupi? Pima nusu mzunguko, zidisha kwa mbili.

Ya mpwa ilikuwa inchi 12. Kwa .223 ya namna hiyo mimi sivuki greni 55. Ya inchi 9 inabeba mpaka kama 69. Lakini angalia: kinachohesabika hasa ni urefu wa kichwa, uzito ni dalili tu. Vichwa vya shaba tupu, visivyo na madini ya risasi ndani, ni virefu kuliko vya kawaida vya uzito uleule, kwa hiyo shuka chini kidogo.

Hatua ya 5. Jaribu kwa boksi moja

Kwenye uwanja wa shabaha, mita 100, umelaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Risasi tatu, acha mtutu upoe, tatu nyingine. Zikifunikwa na kiganja bila vidole, nunua nyingine zenye namba ileile ya toleo iliyopigwa kwenye boksi.

Mpwa alirudi na karatasi nyingine Jumapili, greni 55 ncha laini. Matundu sita, yote duara, moja tu limekimbilia kushoto. Hilo alikiri mwenyewe: alifumba macho.