Binti amejifungua, arudije shule? Hatua kwa mzazi

Wazazi wenzangu, bado kuna watu wanaamini binti akishapata mimba basi shule imeisha. Zamani ilikuwa hivyo kweli, lakini Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu Tanzania, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza ruhusa ya kurudi, ukatoka Waraka wa Elimu namba 2 wa 2021 na mwaka uliofuata ukaja mwongozo kabisa. Mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa mimba au sababu nyingine anaweza kurudi ndani ya miaka miwili. Hiyo miaka miwili ndo watu wengi wanaichezea, wanasubiri mtoto aache ziwa, wanasubiri mavuno, wanasubiri baba apunguze hasira, wakistuka muda umekwisha.

Kwahiyo anza mapema, hata kabla hajajifungua. Nenda shule alikokuwa anasoma, onana na mkuu wa shule, mwambie wazi kwamba binti atarudi, na peleka barua, ubaki na kopi iliyogongwa muhuri. Kama binti anaona aibu kurudi palepale usimlazimishe, omba uhamisho, ila hakikisha namba yake ya PREM, yaani ile namba ya usajili ya mwanafunzi, unayo maana ndo itamfuata huko aendako. Mkuu akikukatalia au akikuzungusha njoo kesho njoo kesho, usigombane nae, panda kwa Afisa Elimu Kata, halafu Afisa Elimu wa halmashauri, na ile kopi yako mkononi.

Kama ni wa sekondari na umri umeenda au darasani hawezi tena, ulizia vituo vya elimu mbadala chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kule ile miaka minne inasomwa kwa miwili na mwisho anafanya mtihani wa kidato cha nne kama wenzake.

Sasa hela. Ada hakuna, toka 2016 mpaka kidato cha nne na 2022 ikaongezwa tano na sita, lakini sare, madaftari na nauli ni juu yako. Kama hali ni ngumu kweli ongea na mtendaji wa kijiji au mtaa kuhusu TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ila ujue kaya zinatambuliwa kwenye mkutano wa hadhara, kwahiyo mkutano ukiitishwa nenda, usiwaachie wengine wakusemee. Na kichanga kiandikishwe cheti cha kuzaliwa mapema, chini ya miaka mitano ni bure, ulizia kituo cha afya au ofisi ya kata.

Kuhusu aliyempa mimba, hapa naomba mnisikilize vizuri. Kumpa mimba mwanafunzi ni kosa la jinai, sheria ilivyorekebishwa 2016 inataja kifungo cha miaka 30. Yale mambo ya kumalizana kifamilia kwa mbuzi na laki kadhaa yanamuumiza binti mara ya pili, maana anaona kabisa wakubwa wamemuuza. Nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, afisa ustawi wa jamii nae ashirikishwe.

Kazi kubwa lakini iko nyumbani. Kaeni bibi, mama, shangazi, na baba awepo, mpange nani anabaki na mtoto asubuhi, nani anampeleka kliniki, maziwa yanakamuliwa saa ngapi, binti akirudi anapumzika kidogo kisha anapata muda wa kusoma, sio anapokelewa na ndoo ya vyombo. Usimtupie maneno ya "si ulitaka mwenyewe". Na ile miezi ya mwanzo pita shuleni mara kwa mara, muulize mwalimu wa ushauri nasaha kama wenzake wanamtania, kama anakula, kama anasinzia darasani, maana nyumbani anaweza asikwambie chochote.